Duma, Susu na Kibuyu cha Kwanza

Juzi mkwe wangu alimwaga ndoo ya maji mlangoni kutuliza vumbi, na harufu ya mchanga uliolowa ikanipata nimekaa kwenye kiti changu nikichambua ndengu. Nikaanza kucheka peke yangu. Mkwe akanitazama kwa jicho la kuuliza kama bibi sasa ameanza yale ya uzee.  Nyinyi wa rika langu mnajua kwamba harufu hiyo, kwetu, si ya mlangoni. Ni ya shimo la maji katikati ya mto mkavu. Na kwangu mimi, Mungu anisamehe, ni harufu ya duma.

Kwetu kulikuwa mbele ya Zombe, upande ule unaoshuka nyikani, miaka ile nzige walipopita wakatuachia miti mitupu na mdomo wa kusimulia. Mto wetu ulikuwa na maji majuma machache kwa mwaka. Siku zote nyingine ulikuwa mchanga, na maji yako chini, ukiyataka uyachimbe. Kina mama walichimba shimo moja wakalifunika kwa matawi ya miiba ili punda na nyani wasilichezee. Maji yalijikusanya humo polepole mpaka asubuhi. Aliyechota wa kwanza alipata maji safi, baridi, na kurudi nyumbani mapema. Wa pili alipata ya rangi ya chai. Wa sita alikaa pale mpaka jua la utosi akikwangua kwa kata, na alichopeleka nyumbani kilikuwa karibu kitafunwe.

Zamani zamu zilipatikana kwa kusukumana. Vibuyu vingi vilivunjika, na siku moja wanawake wawili wenye heshima zao waling'atana. Basi wakakubaliana jambo ambalo sijalisikia mahali pengine popote: kila nyumba itoe mtoto mmoja. Watoto wasimame kwenye mstari uliochorwa kwa fimbo ukingoni mwa mto, kutoka kwenye mgunga mkubwa mpaka kwenye jiwe jeusi. Jua likigusa lile jiwe, mama mmoja mzee aitwaye Kalunde, mlinzi wa shimo, ataondoa miiba, na watoto watakimbia. Kibuyu kiwekwe kando ya shimo kwa mkono, mdomo ukiangalia juu. Kibuyu cha kwanza, zamu ya kwanza. Kina mama wenyewe walikaa ng'ambo wakijifanya wanasuka viondo, huku kila mmoja amemkodolea macho wa kwake.

Nyumba sita, watoto sita. Ndugu zangu wakubwa walikuwa wamekwenda mbali kuchunga ng'ombe, kwa hiyo mkimbiaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miguu mifupi na tumbo lililonitangulia kila mahali. Nilifika wa sita kila siku, na siku moja mgeni alipokuja kwa jirani akiwa na mtoto wake, nilifika wa saba. Wa kwanza alikuwa Syombua, binti wa jirani, msichana mwenye miguu iliyoanzia kwapani. Alikuwa akiweka kibuyu chake na kuanza kujisuka nywele ndipo mimi nionekane.

Lingekuwa jambo la kuchekwa tu, lakini mama yangu alikuwa amejifungua karibuni, hawezi kutoka, na vitoto vya mbuzi vilifungwa nyuma ya nyumba vikilia kiu tangu asubuhi mpaka nirudi na tope langu. Viwili vilikufa. Baba hakuwa mtu wa kelele. Aliniita, akanikalisha mbele yake, akajipunga na usinga wake wa mkia wa ng'ombe, ule wa kwendea barazani kwa wazee.

"Mwezi mwingine ukiandama hujafika wa kwanza hata siku moja," akasema, "utakwenda Mbumbuni kwa shangazi yako kumlelea watoto. Mwanawe Mutuku atakuja kukaa hapa. Yule ana miguu."

Shangazi wa Mbumbuni alikuwa na watoto tisa na vidole viwili vya kufinya ambavyo havikuwahi kupumzika. Lakini si vidole nilivyoviogopa. Niliogopa kumwacha susu, mama yake baba, niliyepewa jina lake. Tulikuwa tukiitana wajina. Nililala ngozi moja naye, nilikula chungu kimoja naye, na nilidhani, kama watoto wanavyodhani, kwamba nikiondoka atasahau jina lake mwenyewe. Nilikwenda kumlilia nyuma ya ghala. Akasikiliza mpaka mwisho, akajitoa mbegu ya kibuyu kwenye jino, akasema kesho twende naye kuchunga mbuzi.

Huko ndiko nilikomwona duma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kama saa nne, jua limeshawaka. Tulikuwa tumekaa juu ya kichuguu nikasikia sauti ya kifaranga cha ndege. Nikamwuliza susu kuna ndege gani hapa. Akaninyoshea kidole kwenye nyasi. Yule ndege alikuwa na madoadoa na ukubwa wa mbuzi dume.

"Huyo si chui?" nikauliza, nikianza kupanda mgongoni mwake.

"Shuka. Chui ni mtu wa giza na wa mitini. Huyu ni duma, anawinda mchana kama watu wenye akili. Hawezi hata kunguruma. Akiita mwenzake analia kama kuku. Tulia uone kazi."

Tukatulia, na duma naye akatulia. Alilala. Akasogea kidogo, akalala tena. Mbele yake kulikuwa na swala kumi hivi wakila bila habari. Kwangu mimi sehemu hiyo ilichosha sana, nikaanza kuchezea mchwa. Halafu susu akanifinya, nikainua macho, na duma hakuwepo tena pale alipokuwa. Alikuwa tayari katikati ya swala, vumbi nyuma yake. Mgongo wake ulikuwa ukijikunja na kujinyosha kama upinde. Miguu ya nyuma ilipita mbele ya ile ya mbele, nikaapa kwamba haigusi chini. Swala mmoja akakata kulia, duma akatupa mkia kushoto akakata naye. Swala akarudi kushoto, mkia ukaenda kulia. Kisha duma akampiga swala kikofi kidogo kwenye mguu wa nyuma, kama mtoto anavyomtega mwenzake shuleni, swala akapinduka, na meno yakawa shingoni. Yote hayo yalikwisha kabla sijafunga mdomo.

Kilichofuata ndicho sijawahi kukisahau. Duma hakula. Alilala kando ya nyama yake akihema, mbavu zikienda juu na chini, macho yanatazama tu. Susu akasimama, akajifunga shuka yake vizuri, akachukua fimbo yake, akaanza kumwendea.

Nililia, lakini kimya kimya, nisije nikaliwa mimi. Susu alitembea kama anayekwenda kwa jirani kuazima moto. Duma akatoa meno na kufoka kama paka. Susu akagonga fimbo chini mara mbili. Duma akainuka, akarudi nyuma hatua kumi, akakaa. Susu akakata paja moja kwa kisu chake cha kiunoni, akaacha mengine yote, akamwambia duma asante, akarudi.

"Mbona hakukuuma?"

"Aniume na nini? Pumzi hana. Halafu anaogopa kuumia. Simba akivunjika jino ana ndugu wa kumwindia. Huyu akiteguka mguu siku moja, amekufa njaa. Kwa hiyo hapigani na mtu. Fisi wanamjua, tai wanamjua, na mimi ninamjua."

Nikamwuliza kuhusu Bwana Nyama, yule afisa wa kulinda mapori, maana sote tulijua serikali imekataza watu kuua wanyama wa porini. Susu akashangaa kweli kweli. "Mimi nimeua? Akija amwulize yule pale."

Tulipokuwa tunachoma lile paja alinieleza yule mnyama alivyoumbwa. Kichwa kidogo ili kisimlemee. Pua pana za kuvutia hewa. Kifua kikubwa, kiuno chembamba. Kucha haziingii ndani kama za paka, zinabaki nje kama za mbwa, zishike ardhi. Mkia mrefu wa kumgeuza. Na ile mistari miwili myeusi kutoka machoni mpaka mdomoni, susu akasema ni ya kumkinga na mwanga wa jua. Mimi sikukubali. Nilikuwa nimemwona akitutazama tukiondoka na paja lake. Nilijua machozi nikiyaona. Nyama ile nilikula, sitawadanganya, nikaomba na nyingine, lakini nilikula nikiwa na aibu.

Na hapo ndipo akili yangu ya utotoni ilipofanya kazi yake. Nikasema: kama duma ana mbio kwa sababu ya vitu hivyo, basi nivipate vitu hivyo. Kwanza kiuno. Nikaacha kula, na kwa mtu aliyekuwa na tumbo langu hiyo haikuwa kazi ndogo. Uji wangu niliwamwagia kuku, ambao walinenepa. Kucha za miguu nilikataa kukatwa, na nikazinoa kwenye jiwe la kusagia. Pua nilizipanua kwa vidole kila nilipopata nafasi, mpaka mama akauliza kama nina funza puani. Mistari ya machozi nilijichora kwa mkaa. Ukabaki mkia.

Mkia mzuri nyumbani kwetu ulikuwa mmoja tu, na baba alikuwa akienda nao barazani.

Siku tatu kabla ya mwezi kuandama, nilitokea kwenye mstari na kibuyu mkononi, mkaa usoni, na usinga wa baba umefungwa kiunoni kwa kamba, mkia unaning'inia nyuma. Watoto walinikodolea macho kwanza. Halafu Syombua akasema, polepole, "Mama yangu," akakaa chini. Alicheka mpaka akashika mgunga. Wengine wakacheka kwa kumwona yeye anavyocheka. Kalunde alipoondoa miiba, alikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa tayari kukimbia.

Nilikimbia jamani. Nilitupa mkia kulia, nikautupa kushoto, ingawa njia ilikuwa imenyooka. Nilikunja mgongo. Nilipanua pua. Nilifika kwenye shimo na hakuna mtu mbele yangu, hakuna kibuyu hata kimoja, na furaha ikanijaa pamoja na nyota nyeupe machoni, kwa sababu tangu jana nilikuwa sijatia kitu tumboni. Nikaanguka. Nililala mchangani nimekumbatia kibuyu changu kifuani, nikihema, siwezi kuinua hata kidole. Nikasikia miguu inakuja bila haraka. Syombua, huku akijifuta macho, akaniruka, akaweka kibuyu chake kando ya shimo, mdomo juu.

"Asante, duma," akasema.

Wakaja wote wakaweka vyao. Nilipopata nguvu ya kulalamika, Kalunde alinitazama kwa huruma. "Umefika wa kwanza, mwanangu, nimekuona. Lakini miguu haichoti maji. Kibuyu kiko wapi?" Kilikuwa bado kifuani.

Nilisubiri zamu yangu ya sita. Nilipoinama juu ya yale maji machache niliona uso wangu, na kwa kulia kwangu ule mkaa ulikuwa umeshuka mpaka kidevuni. Nilikuwa duma kamili. Nimekimbia, nimeshinda, nimeporwa, na mistari yangu miwili ninayo. Wakati huo baba alikuwa barazani akipiga nzi kwa kiganja mbele ya wazee wenzake. Alikuwa ameshamshtaki mbuzi mmoja kwa wizi wa usinga. Alipousikia ukweli kutoka kwa mama yake Syombua alikuja akaufungua kiunoni mwangu mwenyewe, akaukung'uta mchanga. Hakunipiga. Alisema tu, "Zimebaki siku mbili," na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Siku iliyofuata sikuamka. Yaani niliamka, lakini miguu ilikataa, na nikafika wa sita kwa kutembea. Jioni yake susu alinikuta ninafunga vitu vyangu vya kwenda Mbumbuni: kishanga kimoja na ganda la konokono. Akakaa karibu nami, akanyosha miguu.

"Wajina, ulimtazama duma vibaya. Wewe ulitazama mkia. Kabla ya kukimbia alifanya nini?"

"Alilala."

"Alilala wapi?"

"Kwenye nyasi. Akasogea, akalala. Alichosha."

"Alikuwa anapunguza njia. Angeanza mbio pale kwenye kichuguu chetu, angemkamata swala?"

Nikafikiri. "Angechoka katikati."

"Duma hana mbio nyingi. Ana kidogo tu, kama pilipili. Kwa hiyo haitumii mpaka awe karibu. Na asubuhi mtu anakula uji. Kuku wamekula vya kutosha."

Asubuhi yake, ya mwisho kabla ya mwezi, alinisimamia nikinywa uji wa mtama mpaka mwisho wa kata, pamoja na kipande cha nyama kavu, na mnajua ilikuwa ya nani. Nikaenda mtoni bila mkia. Nikasimama kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza nikautazama mstari wenyewe badala ya kumtazama Syombua. Ulikuwa mrefu, kutoka kwenye mgunga mpaka kwenye jiwe. Watoto wote walisimama upande wa mgunga, kwa sababu kulikuwa na kivuli, na kwa sababu ndiko tulikosimama siku zote. Lakini maji yalikuwa yameshuka. Majuma mawili nyuma kina mama walikuwa wameacha shimo la zamani wakachimba jipya juu kidogo, na hilo jipya lilikuwa karibu na jiwe. Tulikuwa tunalikimbilia kwa mshazari kila siku bila mtu kufikiri.

Syombua alikuwa akiwaonyesha wenzake nilivyokimbia na mkia. Alikuwa akiigiza vizuri, hata mimi ningecheka. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Nikasogea hatua moja kwenye mstari, nikasimama. Nikasogea nyingine, nikainama kama mwenye mwiba mguuni. Sikuharakisha. Nilipofika kwenye jiwe nilichuchumaa, vidole vya miguu juu ya mstari hasa. Kalunde akaniona. Akatazama vidole vyangu, akatazama mstari, akajikuna sikio, akainua miiba.

Mbio yenyewe haikuwa na lolote la kusimulia. Ilikuwa fupi. Nilimsikia Syombua anakuja ubavuni na ile miguu yake, anakuja, anakuja, na nikaweka kibuyu. Mdomo juu. Nikakigusa mara ya pili kuhakikisha. Ndipo nikaanguka.

"Amesimama kwenye jiwe," Syombua akalia. "Si haki. Hakuna anayesimama kwenye jiwe."

"Jiwe liko kwenye mstari?" Kalunde akauliza.

"Liko, lakini..."

"Kuna aliyekukataza kusimama hapo?"

Syombua akanyosha mkono akishike kibuyu changu akisogeze, na mimi nikiwa nimelala pale, ninahema, ninaona kila kitu, siwezi kitu. Halafu fimbo ikashuka mchangani kati ya mkono wake na kibuyu. Tap. Mara mbili. Niliijua ile fimbo. Nikatazama juu yake nikaona nyayo zilizopasuka, shuka iliyofungwa vizuri, na susu yangu, ambaye hakuna mtu aliyemwita na ambaye magoti yake hayakuwa yakishuka mtoni tangu mwaka wa nzige.

"Huyu anapumua," akasema. "Akimaliza kupumua atachota."

Hakuna aliyesogea. Nikapumua kwa raha zangu. Sijawahi kupumua vile tena.

Baba alikunywa yale maji jioni, akageuza kata akatazama ndani yake. "Yana baridi," akasema. Mbumbuni haikutajwa tena, na Mutuku alibaki na miguu yake huko huko.

Haukupita muda mrefu, tulimwona duma tena. Labda yule yule, labda ndugu yake. Alikuwa amemwangusha swala karibu kabisa na kichuguu chetu, amelala, mbavu zinakwenda. Susu akasimama, akajifunga shuka, akachukua fimbo. Nikamshika shuka.

"Nini wewe?"

"Anapumua," nikamwambia.

Nilimwona susu akitazama paja la swala, kisha akinitazama mimi, kisha paja tena, na ninyi mlioijua njaa ya miaka ile mnaelewa nilikuwa ninamwomba nini. Wakati huo huo mbweha wawili wakatokeza kichakani, wanakuja kwa ule mwendo wao wa kujifanya wanapita tu. Susu akaokota jiwe, akawatupia. Akaokota lingine. Walipokimbia alirudi akakaa juu ya kichuguu, fimbo magotini, nyama ameipa mgongo ili asiione.

"Nyama yote ile," akawa ananung'unika. "Mtu mzima nimekaa kulinda chakula cha watu." Baada ya kitambo aligeuza kichwa akamwambia duma, "Haya, kula basi, tuna mbuzi wa kunywesha."

Duma alikula. Jioni sisi tulikula uji mtupu, bila hata chumvi. Susu alinimiminia nusu ya wake, akisema ana duma wawili wa kulisha sasa, na mmoja hata swala hajui kukamata.